Umri, Akili na Kigegezi: Kumfundisha Mtu Mzima kwa Simuleta

Miongoni mwa vifaa vya kufundishia ambavyo mwalimu wa leo yampasa kuvifahamu, hata kama chuo chake hakina uwezo wa kuvinunua, ni mtambo uitwao simuleta. Ni mtambo wa kuiga. Mwanafunzi hushika usukani wa kweli na kukanyaga breki ya kweli, lakini barabara aionayo ni picha iliyo juu ya kioo. Au husimama katika chumba kilichojengwa kwa mfano wa chumba cha nahodha, na bahari yote iliyo mbele yake ni mwanga mtupu. Marubani wamefundishwa hivyo kwa miaka mingi. Mabaharia nao, tangu mkataba wa kimataifa wa mafunzo yao wa mwaka 1978 uliporekebishwa mwaka 1995, hulazimika kujifunza matumizi ya rada kwa simuleta kabla ya kukabidhiwa meli. Sasa zamu imewafikia madereva wa malori na mabasi, na wako waajiri wanaoutumia mtambo huu si kwa kufundishia tu bali hata kwa kuamua nani abaki kazini na nani apumzishwe.

Mimi si mhandisi. Ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Nambambo hapa Nachingwea, niliyeanza kazi mwaka 1978 na kutumia jioni nyingi za ujana wangu katika madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kinachonifanya nishike kalamu ni jambo moja. Watu wa makamo na wazee huugua ndani ya simuleta kuliko vijana: hutoka jasho baridi, hushikwa na kisunzi, hutapika. Na kuugua kwao huandikwa katika fomu kana kwamba ni dalili ya akili iliyokwisha kuchoka. Nasema hukumu hiyo haina msingi, na tena kwamba dawa yake kubwa imo mikononi mwa mwalimu.

Yafaa tuanze na maneno, maana Kiswahili kimebarikiwa hapa kuliko lugha nyingi. Tunacho kigegezi na kichefuchefu, ambavyo huanzia tumboni. Tunacho kisunzi, kizunguzungu na masua, ambavyo huanzia kichwani. Mwaka 1993 Robert Kennedy na wenzake huko Marekani walitunga orodha ya maswali ya kupimia ugonjwa wa simuleta, yenye dalili 16, na orodha hiyo ingali ikitumika duniani hadi leo. Waligundua kwamba dalili hizo zajigawa katika mafungu matatu: ya tumbo, ya macho, na ya kupotewa na mwelekeo. Bibi yeyote wa Nachingwea aliyepanda basi la kwenda Masasi angeweza kuwaeleza kwamba kigegezi si kisunzi, na kwamba kuumwa macho ni jambo la tatu. Mwalimu naye azitofautishe dalili hizo, kwa sababu kila moja ina chanzo chake na njia yake ya kutulizwa.

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma yake, mna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara na kujaa majimaji, na karibu nayo vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa. Mifereji hutambua kugeuka kwa kichwa. Vifuko hutambua mwendo wa kwenda mbele, kusimama kwa ghafla, na upande iliko ardhi. Katika maisha ya kila siku jicho na sikio hutoa ushahidi mmoja. Abiria aketiye nyuma ya basi akiinamia simu hupata ushahidi unaogongana: sikio lasema tunakwenda, jicho lasema tumetulia. Katika simuleta magongano huwa ya kinyume, yaani jicho laona barabara ikikimbia ilhali sikio laapa kwamba kiti hakijaondoka. James Reason na J. J. Brand walilieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chao cha mwaka 1975. Ushahidi wa kwamba sikio ndilo mshitaki ni wa zamani zaidi: William James aliandika mwaka 1882 kwamba wengi miongoni mwa viziwi ambao sikio lao la ndani limekufa hawapati kizunguzungu hata wakizungushwa.

Ubongo haukusanyi ushahidi tu. Huulinganisha na kile ulichozoea kukitarajia. Na hapa ndipo lilipo fundisho ambalo kila mwalimu wa watu wazima angelipima kwa makini. Ugonjwa wa simuleta uliripotiwa kwanza mwaka 1957, katika mtambo wa kufundishia helikopta wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Miller na Goodson walipoufuatilia mwaka uliofuata, waliona kwamba walimu wa urubani walioumwa walikuwa asilimia 60, na wanafunzi asilimia 12 tu. Haikuwa kwamba walimu walikuwa dhaifu. Walikuwa wameruka sana. Mwili wao ulijua barabara helikopta ikiinama tumbo lahisi nini, nao mtambo ulipoinamisha picha pasipo kuinamisha kiti, mwili ulikataa. Mwanafunzi asiyewahi kuruka hakuwa na cha kukataa.

Hivyo ujuzi wenyewe waweza kumgonjesha mtu. Tuliokuwa tukifundisha kisomo twaijua sura nyingine ya jambo hilo: mzee ajuaye kuhesabu magunia kwa njia yake hutatizwa zaidi na hesabu za ubaoni kuliko yule asiyewahi kuhesabu kitu.

Jirani yangu, dereva wa lori mwenye umri wa miaka 57, hupakia korosho na ufuta kwa msimu na kuupeleka mzigo Mtwara. Mwajiri wake, ambaye sina haja ya kumtaja, alimpeleka mjini pamoja na wenzake wapimwe kwa simuleta. Aliwekwa katika picha ya mji wenye njia panda nyingi. Mwelekezaji alisimama kando yake akimuuliza maswali mfululizo: alama ile ina maana gani, mwendo wako ni kiasi gani, umeona mtoto yule? Dakika ya nane akasimamisha mtambo, akatoka nje, akatapika. Vijana wawili waliomfuata walimaliza dakika zao 20 wakicheka. Katika fomu yake pakaandikwa kwamba umri umemzidi na kwamba hafundishiki. Akapewa majuma sita ya kurudi kujaribu tena, vinginevyo lori lingekabidhiwa mwingine.

Alinijia jioni na fomu ile mkononi. “Mwalimu,” akasema, “miaka 31 nimepeleka mizigo Mtwara sijagonga hata kuku. Leo sinema imenitapisha.”

Nilimwambia, “Bwana mdogo, keti. Sinema imekutapisha kwa sababu ya hiyo miaka 31.”

Lakini isingekuwa kweli kumwambia kwamba umri hauna neno. Una neno, na mwalimu asiyelikubali atamdhuru mwanafunzi wake kwa huruma. Jambo la kushangaza ni hili: katika safari za kweli, za gari na za chombo, kuugua huzidi utotoni, hasa karibu na umri wa miaka 9 au 10, kisha hupungua kadiri mtu anavyokua. Katika simuleta mambo hupinduka; tafiti nyingi zimeona wazee wakiugua zaidi ya vijana na kuacha zoezi katikati. Sikio la ndani huchakaa na miaka, hivyo mzee huliegemea zaidi jicho lake, na katika mtambo huu jicho ndilo linalodanganywa. Jicho lenyewe, likikaribia miaka 40 na kuendelea, hushindwa kuona vizuri vilivyo karibu, na kioo cha simuleta aghalabu huwa karibu kuliko barabara yoyote. Dereva aliyeacha miwani yake nyumbani atapata maumivu ya macho hata kabla ya kigegezi.

Kisha kuna akili. Wanasaikolojia John Horn na Raymond Cattell walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba neno hili moja lina mambo mawili ndani yake. Iko akili ya kukabili jambo jipya upesi, kushika mambo kadhaa kwa pamoja na kulipindua umbo kichwani. Hii hufikia kilele ujanani, kisha hushuka polepole. Iko akili iliyowekwa akiba, ya maneno, ya ujuzi na ya busara ya kazi. Hii hudumu, na kwa wengi huendelea kukua hadi uzeeni. Barabarani dereva mzee huishi kwa akiba. Halazimiki kufikiri upesi, maana amekwisha kuona hatari ikiwa mbali. Simuleta humnyima akiba hiyo, kwa sababu dalili ndogo anazozitegemea, kama vile mtikisiko wa usukani, mngurumo wa injini na uzito wa mzigo mlimani, hazimo au zimeigwa vibaya. Humlazimisha atumie ile akili ya kwanza peke yake. Kwa hiyo mtambo unapodai kupima udereva wake, hupima kwa sehemu kubwa wepesi wake wa kuzoea mtambo.

Kuhusu yule mwelekezaji na maswali yake, nina neno kali kidogo. Mwaka 1997 Lundin-Olsson na wenzake wa Sweden walitangaza uchunguzi mdogo lakini wenye maana kubwa. Walitembea na wazee wa makao fulani huku wakizungumza nao. Baadhi ya wazee hao walisimama kila walipoanza kujibu, na wengi wa waliosimama walianguka katika miezi 6 iliyofuata. Maana yake ni kwamba kutembea, ambako kijana hukufanya pasipo kufikiri, mzee hukufanya kwa sehemu ya akili yake. Ukimpa swali, umemnyang'anya sehemu hiyo. Katika simuleta mzee anatumia akili ile ile kupatanisha jicho na sikio. Mwalimu anayemsemesha wakati huo huongeza mzigo juu ya mzigo. Anyamaze! Maswali yaulizwe mtambo ukiwa umesimama.

Sasa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonipa moyo. Mwaka 2020 na 2021 zilitoka habari za jaribio la Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Joseph Smyth na wenzake waliwapa watu mazoezi ya maumbo kwa karatasi na kalamu, dakika 15 kila siku kwa siku 14: kulizungusha umbo akilini, kukunja karatasi kwa mawazo, kutafuta mfano wa umbo uliogeuzwa. Kuugua kwao katika simuleta ya gari kulipungua kwa asilimia 51, na barabarani kwa asilimia 58. Hawakupewa kidonge. Walipewa kile ambacho kila mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi anacho kabatini.

Kwa hiyo jirani yangu akawa mwanafunzi. Kila jioni baada ya magharibi tuliketi barazani kwangu kwa dakika 15, si zaidi. Nilichana maboksi ya sabuni, nikayakunjua, nikachora alama katika kila upande, nikamuuliza: likikunjwa tena, nyota itaangaliana na nini? Nilimchorea herufi F na R zikiwa zimelala, zimepinduka, na nyingine zikiwa kama zionekanavyo katika kioo, achague zipi ni zile zile zilizogeuzwa na zipi ni za kioo. Nilimchorea njia za mji wetu kutoka stendi hadi sokoni na hospitalini, kusini ikiwa juu, nikamtaka aniambie kila kona kama atakata kulia au kushoto. Siku za kwanza alikuwa akiizungusha karatasi kwa mkono, na mimi nikimwomba mkono uwe chini ya meza. Alitoa jasho hapo hapo barazani, wala hapakuwa na mtambo. Siku ya tisa au ya kumi mkono uliacha kutafuta karatasi. Mjukuu wangu wa darasa la tano, aliyekuwa akitusogelea kwa udadisi, alimshinda kwa wepesi kila siku hadi mwisho. Katika ramani, hata hivyo, mtoto hakumpata hata mara moja.

Wakati huo huo nilimwandikia mwelekezaji barua ya heshima, nikiomba mambo machache. Kwanza, kipindi cha kwanza kisizidi dakika 5, na kiwe katika barabara iliyonyooka, kwa kuwa kona na breki za ghafla ndizo zichochezi kubwa. Tena mwanafunzi asimame kabla ya kigegezi kukomaa, si baada yake. Mtu aliyetapika hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuuchukia mtambo. Vipindi viachane kwa siku kadhaa. Kennedy na wenzake waliona kwamba mwachano wa siku 2 hadi 5 husaidia mwili kuzoea kuliko vipindi vya siku moja au vilivyotengana kwa zaidi ya juma. Feni iwashwe mbele ya uso wake. Miwani ivaliwe. Na, kama nilivyokwisha kusema, maneno yawe machache.

Kwamba mtu mzima huzoea, sina shaka. Mwaka 1897 George Stratton alivaa lenzi za kupindua dunia juu chini kwa siku 8, akaweza kutembea na kutumia mikono yake katika dunia hiyo iliyopinduka. Watafiti wa Mexico, mwaka 2000, waliwavisha vijana na wazee miwani inayohamisha picha upande mmoja, wakawataka warushe vitu kwenye shabaha. Wazee walichukua majaribio mengi zaidi kuzoea. Lakini miwani ilipovuliwa, athari ya yale waliyojifunza ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa vijana. Walichelewa kuingia, nao walikuwa wameingia kweli.

Taifa letu limekwisha kuliona hili kwa kipimo kikubwa kuliko cha maabara yoyote. Wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1975 wasiojua walikuwa asilimia 39, na kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wenye mikono iliyokakamaa kwa jembe, waliokaa chini ya miembe na mikorosho baada ya kutwa nzima shambani. Katika darasa langu wako waliolalamika kichwa na macho walipoanza kufuatilia mistari, wakaambiwa na majirani kwamba vitabu vinawatia wazimu. Hatukuwapima kwa juma la kwanza. Laiti tungefanya hivyo, takwimu nilizozitaja zisingekuwapo.

Kuna hatari nyingine ya kitaalamu ambayo walimu wanaofanya utafiti yafaa waikumbuke. Katika tafiti za madereva wazee, waliougua huacha, na wanaobaki hadi mwisho ndio wenye afya na wepesi zaidi. Ukikokotoa wastani wa waliobaki na kuuita uwezo wa wazee, umewapima wachache waliovumilia tu. Na mwajiri anayewahesabu walioacha kuwa wameshindwa hukosea kwa upande wa pili. Walioacha hawakupimwa.

Jirani yangu alirudi mjini katika juma la tano. Siku ya kwanza alikaa dakika 5, jasho likamtoka, akasimama. Siku ya pili, baada ya mapumziko ya siku tatu, dakika 10, pamoja na kona mbili. Katika kipindi cha nne alimaliza dakika 20 akipiga miayo mfululizo, ambayo nayo ni dalili ya ugonjwa huu, lakini hakutapika. Alama zake za wepesi zilikuwa chini ya zile za vijana. Zilitosha. Mwenzake mmoja mwenye umri wa miaka 61, aliyepewa vipindi vile vile, hakuzoea. Katika kipindi cha tatu alisema basi. Wako watu wachache ambao mwili wao haukubali kamwe, na huo haukuwa mwisho wake, kwa kuwa safari hii mwelekezaji alikubali kumpima katika lori lenyewe, barabarani. Je, lori halikuwapo tangu mwanzo? Swali hilo niliwaachia wenyewe. Wala sidai kwamba maboksi yangu ya sabuni ndiyo yaliyomponya jirani yangu. Vipindi vifupi na ukimya wa mwelekezaji vingeweza kutosha.

Limebaki jambo moja la usalama. Mtu aliyezoea simuleta hutoka nayo mwilini. Kwa saa kadhaa baadaye aweza kuyumba, au kuona barabara ikisogea ilhali amesimama, na ndiyo maana majeshi ya anga huwakataza marubani kuruka mara baada ya mazoezi hayo, mahali pengine kwa saa 12, pengine 24. Mwanafunzi mzee asiruhusiwe kurudi kwake siku hiyo akiendesha gari wala pikipiki. Jirani yangu alilala mjini kwa ndugu zake, na kesho yake akapanda basi la kuja Masasi. Kondakta alimwonyesha kiti cha nyuma. Akakaa kwa heshima hadi kituo cha kwanza, kisha akaenda kumwomba dereva amruhusu aketi mbele.